Arvid Carlsson na Dopamini: Historia ya Kemia ya Ubongo katika Tiba ya Magonjwa ya Akili

Dopamini ni kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva ndani ya ubongo. Ilitengenezwa maabara kwa mara ya kwanza mwaka 1910, lakini kwa karibu nusu karne wanasayansi hawakuipa umuhimu wowote. Waliihesabu kuwa hatua ya kupita tu katika utengenezaji wa kemikali nyingine. Aliyeubadilisha mtazamo huo ni Arvid Carlsson (1923–2018), mtaalamu wa famakolojia kutoka Uswidi. Utafiti aliouanza na wenzake mjini Lund mwaka 1957 ulizaa tiba ya ugonjwa wa Parkinson, ukaeleza jinsi dawa za skizofrenia zinavyofanya kazi, na ukachangia kuzaliwa kwa kundi la dawa za sonona linalotumiwa leo na mamilioni ya watu. Historia yake ni historia ya jinsi ugonjwa wa akili ulivyokuja kutazamwa kama ugonjwa wa kiungo, unaoweza kuchunguzwa kwa vipimo kama maradhi ya moyo au ya ini.

Umeme au kemia

Seli za neva hazishikani. Kati ya seli moja na nyingine kuna mwanya mwembamba sana, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 wanasayansi waligawanyika kuhusu namna ujumbe unavyouvuka. Mwaka 1921 Otto Loewi, akiwa Graz nchini Austria, aliichochea neva inayopunguza mapigo ya moyo wa chura, kisha akayachukua maji yaliyokuwa ndani ya moyo huo na kuyatia katika moyo wa chura mwingine. Moyo wa pili ukapunguza mapigo, ingawa neva yake haikuguswa. Ilikuwa wazi kwamba neva ya kwanza ilikuwa imeachia kemikali fulani. Kemikali hiyo ni asetilikolini, ambayo Henry Dale wa London alikuwa ameichunguza kwa miaka mingi. Mwaka 1936 Loewi na Dale waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba.

Ushahidi wa Loewi na Dale ulihusu moyo, misuli na tezi. Kuhusu ubongo, wengi waliendelea kuamini kwamba ujumbe hupita kwa umeme peke yake. Hata pale kemikali za jamii ya adrenalini zilipopatikana ubongoni, zilidhaniwa kuwa za neva zinazozunguka mishipa ya damu. Mwaka 1953 Betty Twarog na Irvine Page nchini Marekani walionyesha kwamba serotonini imo katika ubongo wa mamalia. Mwaka uliofuata Marthe Vogt, akifanya kazi Edinburgh, alionyesha kwamba noradrenalini haikusambaa sawasawa ubongoni. Baadhi ya sehemu zilikuwa nayo kwa wingi ambao mishipa ya damu pekee isingeweza kuueleza.

Dopamini haikuwa na mtetezi wa namna hiyo. George Barger na James Ewens waliitengeneza London mwaka 1910. Mwaka 1938 mtafiti wa Kijerumani Peter Holtz aligundua kimeng'enya kinachoigeuza asidi amino iitwayo dopa kuwa dopamini. Polepole mnyororo mzima ukajulikana: mwili huchukua tairosini kutoka kwenye chakula, huigeuza kuwa dopa, dopa huwa dopamini, dopamini huwa noradrenalini, na noradrenalini huwa adrenalini. Kwa kuwa dopamini ilikuwa katikati ya mnyororo, ilionekana haina kazi yake yenyewe.

Hospitali zilizojaa na dawa mbili mpya

Wakati maabara zikibishana kuhusu umeme na kemia, hospitali za magonjwa ya akili zilikuwa zimefurika. Nchini Marekani peke yake, mwaka 1955 hospitali za serikali zilikuwa na wagonjwa zaidi ya 550,000, na wengi wao walikaa humo miaka mingi au maisha yao yote. Tiba zilizokuwapo ni kumtia mgonjwa katika usingizi mzito kwa sindano za insulini, kupitisha umeme kichwani, na upasuaji wa kukata njia za neva za sehemu ya mbele ya ubongo. Upasuaji huo ulimpatia Egas Moniz wa Ureno Tuzo ya Nobel mwaka 1949, lakini uliwaacha wagonjwa wengi wakiwa wamepooza hisia na utashi.

Hali ilianza kubadilika kwa kuingia kwa dawa mbili. Ya kwanza, klopromazini, ilitengenezwa na Paul Charpentier katika kampuni ya Rhône-Poulenc nchini Ufaransa. Daktari wa upasuaji Henri Laborit aliona kwamba inawatuliza wagonjwa bila kuwalaza usingizi, na mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker waliitumia kwa wagonjwa wa akili katika Hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris. Wagonjwa waliokuwa wakipiga kelele na kusikia sauti zisizokuwapo walianza kutulia, kuzungumza na kula pamoja na wenzao.

Dawa ya pili, reserpini, ilitoka katika mizizi ya mmea wa Rauwolfia serpentina, uliotumiwa katika tiba za jadi za Uhindi tangu zamani. Mwaka 1931 madaktari wawili wa Kihindi, Gananath Sen na Kartick Chandra Bose, waliandika kwamba unawasaidia wagonjwa wa akili na wa shinikizo la damu. Mwaka 1952 wanakemia wa kampuni ya Ciba mjini Basel, Uswisi, waliitenga reserpini yenyewe kutoka katika mizizi hiyo. Mmea wa ukoo huohuo unaoota katika misitu ya Afrika, Kongo ikiwamo, nao una reserpini.

Dawa zote mbili zilisaidia, lakini hakuna aliyejua zinafanya nini ubongoni. Tena zote mbili, zilipotumiwa kwa dozi kubwa, zilileta kasoro ileile: mikono kutetemeka, viungo kukakamaa na mwendo kuwa mzito, kama kwa mtu mwenye ugonjwa wa Parkinson. Reserpini ilikuwa na jambo moja zaidi, kwani baadhi ya watu walioitumia kwa ajili ya shinikizo la damu waliingiwa na huzuni nzito. Madhara hayo yalikuja kuwa ufunguo wa mambo yote yaliyofuata.

Kutoka Lund hadi Bethesda

Arvid Carlsson alizaliwa Uppsala tarehe 25 Januari 1923. Baba yake, Gottfrid Carlsson, alipata uprofesa wa historia katika Chuo Kikuu cha Lund, kusini mwa Uswidi, na familia ikahamia huko mtoto akiwa bado mdogo. Mama yake, Lizzie, alitafiti hadhi ya kisheria ya wanawake katika Uswidi ya Zama za Kati. Katika nyumba iliyojaa vitabu vya historia, Arvid alichagua udaktari, akaanza masomo Lund mwaka 1941. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vikielekea ukingoni, alikuwa miongoni mwa wanafunzi walioitwa kuwapima wafungwa waliookolewa kutoka kambi za Wanazi na kuletwa Uswidi kwa juhudi za mwanadiplomasia wa Kiswidi Folke Bernadotte. Alimaliza shahada zake mwaka 1951 kwa utafiti uliohusu kalisiamu mwilini.

Utafiti huo haukumfikisha mbali. Alipogombea nafasi ya juu zaidi chuoni, aliambiwa kwamba kalisiamu haina nafasi katika famakolojia ya kisasa. Badala ya kung'ang'ania, alitafuta uwanja mpya. Kwa msaada wa Sune Bergström, mwanakemia wa Lund ambaye baadaye naye alipata Tuzo ya Nobel, mwaka 1955 alikwenda kufanya kazi kwa miezi mitano katika maabara ya Bernard Brodie huko Bethesda, karibu na Washington, katika taasisi za taifa za afya za Marekani.

Alifika wakati mwafaka. Brodie na wenzake walikuwa wametoka kugundua kwamba reserpini huimaliza serotonini katika ubongo. Ugunduzi huo uliwezekana kwa sababu ya chombo kipya kilichobuniwa na Robert Bowman, kilichopima kemikali kwa mwanga zinaoutoa zinapoangazwa, hata zikiwa kidogo mno. Kwa mara ya kwanza badiliko la kemikali ya ubongo liliweza kuunganishwa na badiliko la tabia. Carlsson alishauri wachunguze pia kama reserpini inaigusa noradrenalini, kwa kuwa inafanana na serotonini kwa muundo. Brodie aliamini kwamba jibu lote limo katika serotonini, akamvunja moyo. Carlsson aliahirisha jaribio hilo mpaka aliporudi nyumbani.

Sungura wa Lund

Aliporejea Lund alishirikiana na Nils-Åke Hillarp, mtaalamu wa muundo wa seli. Mara moja waliona kwamba reserpini huziondoa adrenalini na noradrenalini katika tezi za adrenali. Baadaye ikathibitishwa kwamba noradrenalini ya ubongoni nayo huisha. Kwa hiyo serotonini haikuwa peke yake, na swali likawa ni upungufu wa kemikali ipi unaomfanya mnyama aliyepewa reserpini azubae na kushindwa kujongea.

Carlsson, pamoja na Margit Lindqvist na Tor Magnusson, walibuni jaribio ambalo lengo lake lilikuwa kurudisha kilichopotea. Serotonini na noradrenalini haziwezi kupita kutoka kwenye damu kuingia ubongoni, kwa kuwa ubongo una kizuizi kinachozichuja. Lakini malighafi zake hupita. Waliwapa sungura reserpini mpaka wakalala masikio yakiwa yameanguka, hawasogei. Wengine wakachomwa sindano ya malighafi ya serotonini, hawakuamka. Wengine wakachomwa sindano ya dopa. Baada ya takriban robo saa sungura hao waliinua masikio, wakasimama na kutembea kama wazima. Dawa ilipokwisha nguvu, walirudi katika hali ya kuzubaa. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwezi Novemba 1957.

Watafiti walitarajia kukuta kwamba noradrenalini imerudi katika ubongo wa sungura walioamka. Walipopima, hawakuikuta. Kilichowaamsha kilikuwa kitu kingine kilichotokana na dopa, na kilichobaki katika mnyororo ule kilikuwa dopamini. Hapakuwa na njia ya kuipima kwa kiasi kidogo kilichomo ubongoni, kwa hiyo Carlsson na Bertil Waldeck wakaunda njia mpya. Mwaka 1958 walitangaza kwamba dopamini imo katika ubongo wa kawaida kwa kiasi kinacholingana na noradrenalini, kwamba reserpini huiondoa, na kwamba dopa huirudisha. Kama ingekuwa hatua ya kupita tu, isingekuwa nyingi kiasi hicho. Kathleen Montagu nchini Uingereza naye alikuwa ameikuta ubongoni mwaka 1957, lakini kundi la Lund ndilo lililoiunganisha na mwenendo wa mnyama mzima.

Mwaka 1959 wanafunzi wawili wa Carlsson, Åke Bertler na Evald Rosengren, walionyesha ilipo. Dopamini ilikuwa imejikusanya zaidi katika striata, sehemu ya ndani ya ubongo inayosimamia mwendo, ambako noradrenalini ni kidogo sana. Kwa Carlsson picha ilikamilika: reserpini huwafanya watu watetemeke na kukakamaa kwa sababu huiondoa dopamini kutoka mahali panapotawala mwendo. Mwaka huohuo alihamia Gothenburg kuwa profesa wa famakolojia, kazi aliyoishika hadi alipostaafu mwaka 1989.

Mkutano wa London

Machi 1960 Ciba Foundation iliwakusanya London wataalamu wakubwa wa dunia katika elimu ya adrenalini na kemikali za jamii yake. Henry Dale, John Gaddum na Marthe Vogt walikuwapo. Carlsson aliwaeleza habari za sungura na za dopamini. Majibu yalikuwa ya mashaka. Dale alishangazwa na nguvu ya dopa, akaiona kama sumu, jambo ambalo kwake lilikuwa la ajabu kwa asidi amino. Wengine hawakukubali kwamba kemikali hizi zina kazi yoyote ya maana katika ubongo. Carlsson alitoka mkutanoni bila mtu wa kumuunga mkono miongoni mwa wakubwa wa fani yake.

Alichokihitaji kilikuwa ushahidi wa macho: kuziona kemikali hizo ndani ya seli za neva zenyewe. Hillarp na Bengt Falck waliupata. Waligundua kwamba vipande vya ubongo vilivyokaushwa na kuwekwa katika mvuke wa formaldehaidi hung'aa chini ya hadubini penye kemikali hizo: dopamini na noradrenalini kwa rangi ya kijani, serotonini kwa rangi ya manjano. Njia hiyo ilitangazwa mwaka 1962, mwaka ambao Hillarp alihamia Taasisi ya Karolinska mjini Stockholm. Alifariki mwaka 1965 kwa saratani, akiwa bado katika kilele cha kazi yake. Vijana aliowafundisha, Annica Dahlström na Kjell Fuxe, walikuwa tayari wamechora mwaka 1964 ramani ya njia za dopamini, noradrenalini na serotonini katika ubongo wa panya. Kila njia ilionekana ikianzia kwenye kundi dogo la seli na kutawanya nyuzi zake mbali. Ubishi wa umeme na kemia uliisha kwa picha hizo.

Tiba ya Parkinson

Taarifa ya Bertler na Rosengren ilifika Vienna mikononi mwa Oleh Hornykiewicz. Yeye na Herbert Ehringer walikusanya bongo za watu waliofariki wakiwa na ugonjwa wa Parkinson na za watu waliofariki kwa sababu nyingine, wakapima dopamini ya striata. Katika bongo za wagonjwa ilikuwa karibu imetoweka. Matokeo yalichapishwa Desemba 1960. Huu ulikuwa mmoja wa mifano ya kwanza ambapo ugonjwa wa ubongo ulionyeshwa kuwa unatokana na upungufu wa kemikali moja inayojulikana kwa jina.

Hornykiewicz alimwomba daktari Walther Birkmayer awajaribie wagonjwa wake levodopa, aina ya dopa inayotumiwa na mwili. Mwaka 1961 wagonjwa waliokuwa hawawezi kuinuka vitandani walichomwa sindano ya dawa hiyo, wakainuka na kutembea kwa saa kadhaa. Ilichukua miaka mingine kupata namna ya kuitumia kila siku. Mwaka 1967 George Cotzias, katika maabara ya Brookhaven nchini Marekani, alionyesha kwamba dozi inayoanzia chini na kupandishwa taratibu hadi kuwa kubwa huwapa wagonjwa nafuu ya kudumu. Baadaye iliongezwa dawa inayozuia levodopa isigeuzwe kuwa dopamini kabla ya kufika ubongoni, hivyo kichefuchefu kikapungua na dozi ikashuka. Levodopa haiponyi Parkinson, kwa kuwa seli zinazotengeneza dopamini huendelea kufa. Hata hivyo, zaidi ya nusu karne baadaye, ndiyo bado dawa kuu ya ugonjwa huo.

Dopamini na skizofrenia

Kwa upande wa magonjwa ya akili, kitendawili kilikuwa hiki. Reserpini huwatuliza wagonjwa kwa kuimaliza dopamini. Klopromazini huwatuliza vilevile, na huleta ukakamavu uleule wa viungo, lakini haipunguzi kiasi cha dopamini hata kidogo. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa haloperidoli, dawa iliyotoka katika maabara ya Paul Janssen nchini Ubelgiji mwaka 1958. Vipi dawa zinazotofautiana hivyo zilete matokeo yanayofanana?

Mwaka 1963 Carlsson na Lindqvist waliwapa panya dozi ndogo za dawa hizo, kisha hawakupima dopamini yenyewe bali mabaki yanayotokea inapotumika. Mabaki yalikuwa yameongezeka. Kwa promethazini, dawa inayofanana na klopromazini kwa muundo lakini isiyotibu wagonjwa wa akili, hayakuongezeka. Waliyaeleza matokeo kwa njia ambayo ilikuwa mpya wakati huo: klopromazini na haloperidoli huziba vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe wa kemikali. Seli inayotuma, ikihisi kwamba ujumbe haufiki, huongeza bidii na kuachia zaidi, na mabaki huongezeka. Kwa hiyo reserpini humwondoa mjumbe, ilhali klopromazini humfungia mlango, na matokeo kwa mgonjwa ni mamoja.

Maelezo haya yaliungana na jambo lililojulikana kwa madaktari. Watu wanaotumia amfetamini kwa wingi hupatwa na hofu za kufuatwa na kusikia sauti, hali inayoweza kudhaniwa kuwa skizofrenia, na amfetamini huifanya dopamini imwagike kwa wingi ubongoni. Mholanzi Jacques van Rossum alieleza mwaka 1966 kwamba huenda vipokezi vya dopamini huchochewa kupita kiasi katika skizofrenia. Miaka kumi baadaye, Philip Seeman huko Toronto na Solomon Snyder huko Baltimore, kila mmoja akifanya kazi kivyake, waliweza kuvipima vipokezi hivyo moja kwa moja. Walikuta kwamba kadiri dawa inavyovishika kwa nguvu zaidi, ndivyo dozi ndogo zaidi inavyotosha kumtibu mgonjwa. Ulinganifu huo uliwashawishi wengi waliokuwa na shaka.

Serotonini na dawa za sonona

Kazi ya Carlsson kuhusu sonona ilianzia kwenye imipramini, dawa ambayo daktari wa Uswisi Roland Kuhn aligundua katika miaka ya 1950 kwamba inawainua watu wenye huzuni nzito. Mwaka 1961 Julius Axelrod na wenzake huko Bethesda walieleza jambo la msingi: seli ya neva, baada ya kuachia noradrenalini, huirudisha ndani na kuitumia tena, na dawa kama imipramini huzuia urejeshaji huo, hivyo kemikali hudumu zaidi katika mwanya. Axelrod alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1970.

Wengi wakahitimisha kwamba sonona ni suala la noradrenalini. Carlsson na wenzake, mwishoni mwa miaka ya 1960, walionyesha kwamba dawa hizo huzuia pia urejeshaji wa serotonini, na baadhi yake, kama klomipramini, hufanya hivyo kwa nguvu zaidi. Alijiuliza ingekuwaje kama ingepatikana dawa inayoigusa serotonini peke yake na kuacha kemikali nyingine, zikiwamo zile zinazosababisha kukauka kwa kinywa na moyo kwenda mbio. Akiwa na wanakemia Hans Corrodi na Peder Berntsson wa kampuni ya Hässle, alianza na dawa ya mzio na kuibadilisha muundo hadi ikapatikana zimelidini. Maombi ya hataza yaliwasilishwa mwaka 1971, na dawa ikaingia sokoni mwaka 1982.

Haikudumu. Baadhi ya waliotumia zimelidini walipatwa na maradhi ya neva yanayoanza kwa ganzi na udhaifu wa viungo, yajulikanayo kama ugonjwa wa Guillain-Barré, na mwaka 1983 dawa iliondolewa. Lakini ilikuwa imeonyesha kwamba wazo lenyewe linafanya kazi. Fluoksetini, iliyotengenezwa kwa wazo hilohilo katika kampuni ya Eli Lilly nchini Marekani, iliidhinishwa huko Desemba 1987 na kufuatiwa na nyingine za jamii yake. Dawa hizo si lazima zizidi zile za zamani kwa nguvu, lakini ni salama zaidi mgonjwa akizidisha dozi, na kwa ugonjwa ambao hatari yake kubwa ni kujiua, hilo ni jambo lenye uzito mkubwa.

Mipaka ya nadharia

Mafanikio hayo yaliwafanya watu wengi waone ugonjwa wa akili kama hesabu rahisi: dopamini imezidi, mtu ana skizofrenia, serotonini imepungua, ana sonona. Ushahidi haukukubaliana na urahisi huo. Dawa za sonona hubadilisha kemikali ndani ya saa chache, lakini mgonjwa hupata nafuu baada ya wiki kadhaa. Dawa zinazoziba vipokezi vya dopamini hupunguza sauti na imani potofu, lakini haziondoi sana ubaridi wa hisia, kujitenga na kupungua kwa uwezo wa kufikiri, na wako wagonjwa ambao hawasaidiki nazo kabisa. Picha za ubongo za miaka ya 1990 zilithibitisha kwamba wagonjwa wengi wa skizofrenia wenye dalili kali huachia dopamini kupita kiasi, ila hazikuonyesha kwamba hicho ndicho chanzo cha kwanza cha ugonjwa. Urithi, malezi, misukosuko ya maisha na matumizi ya dawa za kulevya vyote vina sehemu yake.

Carlsson mwenyewe hakusimama kwenye nadharia ya kemikali moja. Katika miaka ya 1970 alieleza kwamba seli inayotuma dopamini ina vipokezi vyake yenyewe, vinavyoipima dopamini iliyoachiwa na kuiambia seli ipunguze. Kutokana na hilo alitafuta dawa zinazosawazisha: zinazopunguza dopamini inapozidi na kuichochea inapopungua, badala ya kuiziba tu. Aripiprazoli, iliyotengenezwa na kampuni ya Otsuka ya Japani na kuidhinishwa Marekani mwaka 2002, inafanya kazi kwa kanuni ya namna hiyo. Pamoja na binti yake, Maria, alichunguza pia uhusiano wa dopamini na glutamati, kemikali nyingine kuu ya ubongo, akisisitiza kwamba kinachovurugika katika ugonjwa ni mizani kati ya mifumo kadhaa. Aliendelea na utafiti huo miaka mingi baada ya kustaafu.

Tuzo na urithi

Mwaka 1979 Carlsson alipewa Tuzo ya Wolf pamoja na Hornykiewicz na Roger Sperry, na mwaka 1994 akapewa Tuzo ya Japani. Mwaka 2000 alipata Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Wamarekani wawili: Paul Greengard, aliyeeleza kinachotokea ndani ya seli baada ya dopamini kushika kipokezi, na Eric Kandel, aliyeonyesha jinsi sinapsi, yaani sehemu za mawasiliano kati ya seli za neva, zinavyobadilika kumbukumbu inapojengwa. Hornykiewicz aliachwa nje, na zaidi ya wanasayansi 200 waliandika barua ya wazi kulalamika. Malalamiko hayo yalikuwa na msingi, kwani bila bongo za Vienna habari ya sungura wa Lund ingechelewa kuwafikia wagonjwa.

Carlsson alifariki Gothenburg tarehe 29 Juni 2018, akiwa na umri wa miaka 95. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, klopromazini, haloperidoli na levodopa zilikuwamo. Katika hospitali za magonjwa ya akili za Afrika Mashariki, kuanzia Mirembe mjini Dodoma na Mathari mjini Nairobi hadi Butabika mjini Kampala, dawa za kundi la klopromazini na haloperidoli zimekuwa tegemeo la tiba kwa vizazi vya wauguzi na madaktari. Muuguzi anayemwona mgonjwa aliyeanza haloperidoli akikakamaa shingo au kutetemeka mikono, na kujua kwamba ni dawa na si ugonjwa kuzidi, anatumia maarifa yaliyopatikana Lund na Gothenburg kati ya mwaka 1957 na 1963. Maarifa hayo yanamsaidia pia kumweleza ndugu wa mgonjwa kwamba jamaa yao ana maradhi ya ubongo, yenye tiba, na kwamba kumwonea haya au kumficha nyumbani kunamnyima tiba hiyo.